Maktaba ya kidijitali shuleni: Kifaa kipo, mlezi yuko wapi?

Katika shule moja ya msingi ya mkoa wa Pwani, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa aibu hii si yake peke yake, tulioneshwa kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli. Ndani yake mlikuwa na vishikwambi kumi na viwili, vingine vikiwa bado ndani ya maboksi yake. Vililetwa na wafadhili kwa hafla, hotuba na picha, viwe maktaba ya kidijitali ya shule. Mwalimu aliyetupokea alitueleza kwa upole kwamba vilitumika muhula mmoja tu. Chaja tatu ziliharibika, kimoja kikapasuka kioo, na kwa kuwa hapakuwa na aliyejua nani atalipia matengenezo, ikaonekana salama ni kuvifungia.

"Vikipotea tutaulizwa," alisema mwalimu yule. "Visiposomwa, hakuna anayeuliza."

Siku hiyohiyo, katika darasa la nne, tulimwomba binti mmoja atusomee aya fupi kuhusu mvuvi aliyeshinda nyumbani kwa sababu nyavu zake zilikuwa zimechanika. Alisoma kwa sauti safi, bila kukwama hata mara moja, na wenzake wakampigia makofi. Kisha tukamuuliza: kwa nini mvuvi hakwenda baharini siku ile? Akanyamaza. Akaangalia kitabu, akatuangalia sisi, halafu akaanza kuisoma aya ile upya tangu mwanzo. Alidhani tumemwomba arudie.

Tulitoka pale na mambo mawili yaliyotusumbua njia nzima: kabati lililofungwa, na mtoto aliyesoma asielewe. Makala hii inajaribu kuyaunganisha. Mazungumzo ya maktaba za kidijitali yamekuwa mengi nchini, na vifaa vinazidi kuingia shuleni. Lakini kama hatutajua ni ugonjwa gani tunaoutibu, tutaendelea kununua dawa na kuifungia kabatini.

Kusoma ni nini hasa?

Kusoma kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni kuzitambua herufi na silabi na kuzitamka ziwe maneno. Ya pili ni kuyafahamu maneno hayo yakiwa pamoja: nani alifanya nini, kwa nini, na kisha kikatokea nini. Kiswahili kina rehema kubwa katika ngazi ya kwanza, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizijua silabi zake anaweza kutamka karibu neno lolote. Lakini rehema hiyo ina mtego. Mtoto hutamka vizuri, mwalimu huridhika, mzazi hufurahi, na hakuna anayegundua kwamba ngazi ya pili haijapandwa.

Sisi tuliolelewa vyuoni twaijua tofauti hiyo. Mtoto huweza kuhitimu juzuu kadhaa kwa matamshi mazuri kabla ya kujua maana ya anachokisoma, na mwalimu wake hajidanganyi kwamba mtoto huyo tayari ni mfasiri. Katika Kiarabu jambo hilo lina sababu yake na daraja zake zinajulikana. Katika Kiswahili, lugha anayoombea maji na kusimulia ndoto zake, halina udhuru.

Kiwango kilichowekwa nchini kwa mwanafunzi wa darasa la pili ni kusoma maneno 50 kwa dakika na kuelewa alichosoma. Idadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mashindano. Tuchukue hadithi fupi ya maneno 200. Anayesoma maneno 50 kwa dakika ataimaliza kwa dakika nne. Anayesoma maneno 15 kwa dakika atahitaji zaidi ya dakika 13, na afikapo mwisho atakuwa amekwisha kusahau mwanzo. Basi wepesi wa kusoma ni njia ya kufikia maana, na wepesi huo haupatikani ila kwa kusoma mara nyingi. Upimaji uliofanyika mwaka 2013 ulionesha kuwa waliosoma Kiswahili kwa ufahamu wa kutosha katika darasa la pili walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na juhudi hiyo inastahili shukrani. Lakini mtaala hufundisha kusoma. Mazoezi ya kusoma hutaka vitabu.

Mwenye kudhani jambo hili ni dogo na amtazame mtoto huyo akifika kidato cha kwanza. Hapo lugha ya kufundishia katika shule za umma hugeuka kuwa Kiingereza. Aliyezoea kutafuta maana katika Kiswahili huibeba tabia hiyo na kuitumia katika lugha mpya. Aliyezoea kutamka bila kuelewa hubeba tabia hiyo pia, na huko ndiko anakozama kimyakimya, huku sisi tukisema hana akili.

Kiada na ziada

Vitabu vya shule ni vya namna mbili. Kuna vya kiada, ambavyo kila somo hufundishiwa, na kuna vya ziada, ambavyo mtoto huvisoma kwa kujipanua: hadithi, masimulizi ya wanyama, visa vya safari, maarifa ya afya na kilimo. Shule zetu nyingi zinapambana kupata vya kiada. Vya ziada, ambavyo ndivyo humfanya mtoto awe msomaji, huwa ni anasa.

Haikuwa hivyo katika nia ya waasisi wa nchi. Bodi ya huduma za maktaba ilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ikafunguliwa Desemba 9, 1967, miaka sita kamili baada ya Uhuru. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulisaidia kuchapisha hadithi nyingi za Kiswahili na kuzifikisha shuleni. Lakini kitabu cha karatasi kina gharama ya kuchapwa, ya kusafirishwa na ya kuchakaa. Kitabu kimoja mikononi mwa watoto 60 hakimalizi mwaka.

Hapa ndipo maktaba ya kidijitali inapoingia, na ni vyema tueleze ni kitu gani, maana jina hili hutumiwa ovyo. Maktaba ya kidijitali si intaneti, wala si chumba cha kompyuta. Ni mkusanyiko wa vitabu na masimulizi yaliyohifadhiwa kielektroniki, yaliyochaguliwa, yakapangwa kwa lugha, somo na ngazi ya msomaji, na yenye mtu anayeyatunza. Vikikosekana kuchagua, kupanga na kutunza, kinachobaki ni rundo la mafaili, na rundo haliitwi maktaba, liwe la karatasi au la umeme.

Vya kuweka ndani yake vipo, tena vingi havihitaji malipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Kwa upande wa ziada, mradi wa African Storybook, unaoendeshwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizopangwa kwa ngazi: kutoka neno moja kwa ukurasa hadi aya nzima. Leseni yake inaruhusu yeyote kunakili, kuchapa, kufasiri na hata kuandika hadithi mpya. Mwalimu wa Kilwa anaweza kuandika kisa cha kijiji chake usiku huu, na mtoto wa Kigoma akakisoma kesho.

Wala si lazima shule iwe na intaneti. Ipo programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Vitabu na masomo hupakuliwa mara moja mjini, huwekwa katika kompyuta moja ndogo shuleni, na vishikwambi vilivyo darasani huvipata kwa waifai ya humohumo ndani, bila kununua kifurushi. Shule isiyo na hata hicho inaweza kuanza kwa memori kadi moja, ambayo hubeba mamia ya hadithi za watoto.

Kuna faida nyingine hapa ambayo wazazi wa Kiislamu wataielewa upesi. Maktaba isiyounganishwa na intaneti ina mlango mmoja. Mtoto hawezi kuanza na hadithi ya sungura akaishia kwenye picha chafu. Hofu ya wazazi wengi juu ya vishikwambi ni ya haki, na jibu lake si kumnyima mtoto kusoma, ni kumpa maktaba yenye ukuta.

Tanga, Kisumu na Peru

Je, mambo haya huleta matokeo? Kwa jibu tusiende mbali kwanza. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwaka 2019, mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa jaribio lililofuatiliwa duniani kote. Shindano la Global Learning XPRIZE liliwataka wabunifu watengeneze programu ambazo mtoto asiye shuleni angeweza kujifunzia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilishirikiana na waandaaji, na vishikwambi vyenye programu tano zilizofika fainali viligawiwa kwa zaidi ya watoto 2,000 katika vijiji vipatavyo 170. Lugha ilikuwa Kiswahili. Umeme ulitoka kwenye jua, na vituo vya kuchajia viliwekwa vijijini.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa karibu nusu. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo ya dola milioni 10, na kazi za washindani wote watano zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Matokeo hayo tuyasome kwa uadilifu wa pande zote. Kupunguza kwa nusu idadi ya wasiojua kusoma, miongoni mwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, ni jambo kubwa. Lakini kwamba karibu nusu walibaki vilevile baada ya miezi 15 wakiwa na kifaa mkononi ni habari pia. Na kuna jambo ambalo husahaulika katika kuusimulia mradi ule: vishikwambi havikuachwa vijijini peke yake kama mvua. Walikuwepo akina mama wa vijiji vilevile waliopewa dhamana ya kuvisimamia, kuhakikisha vinachajiwa na kuwahimiza watoto. Kifaa kilikuwa na mlezi.

Tuvuke mpaka hadi Kisumu, nchini Kenya. Huko watafiti walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia katika kufundisha kusoma madarasa ya chini: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi maofisa wanaozunguka shuleni kuwashauri walimu. Njia zote tatu ziliambatana na mpango uleule mzuri wa ufundishaji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionesha kwamba njia hizo hazikupishana sana katika usomaji wa watoto, ila zilipishana sana kwa gharama. Iliyotoa faida kubwa kwa kila shilingi ni ile ya kumpa kifaa mshauri wa walimu, si ile ya kumpa kila mtoto kifaa chake.

Na mbali zaidi, nchini Peru, serikali iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa shule za msingi, hasa za vijijini. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, iliyotolewa mwaka 2012, haikuona ushahidi kwamba watoto waliozipata waliwapita wenzao katika lugha au hesabu. Vifaa vilifika, lakini mafunzo ya kutosha ya walimu na mpango madhubuti wa kuvitumia katika somo havikufika navyo.

Ukiyaweka pamoja ya Tanga, ya Kisumu na ya Peru, unapata somo moja ambalo wahenga wetu walikwisha kulisema katika jambo jingine: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kununua kishikwambi ni kuzaa.

Kioo au karatasi?

Wazazi wengi wametuuliza kama kusoma katika kioo ni sawa na kusoma katika karatasi. Swali hili limetafitiwa sana. Mapitio ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 54, yalikuta kwamba kwa jumla wasomaji huelewa vizuri zaidi matini ya maarifa wanapoisoma katika karatasi, hasa wanaposoma kwa kubanwa na muda. Mapitio mengine ya mwaka 2021, kuhusu watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 8, yalikuta kwamba kitabu kilekile kikihamishiwa tu kwenye kioo, cha karatasi hushinda. Lakini kitabu cha kidijitali kilichotengenezwa ili kumsaidia mtoto kufuata kisa, kwa mfano picha inayogeuka kuonesha tukio linalosomwa, kinaweza kukipita cha karatasi. Michezo na vikorombwezo visivyohusiana na kisa havisaidii.

Tunachokichukua hapo ni hiki: maktaba ya kidijitali haikuja kuondoa kitabu cha karatasi. Imekuja kujaza mahali ambapo hapana kitabu chochote. Shule yenye rafu ya hadithi za karatasi isiibomoe ili iweke chaja. Na hadithi nzuri iliyopatikana katika kishikwambi, ikiwa leseni yake inaruhusu, ichapwe nakala chache na kuunganishwa kwa pini, ibaki darasani hata umeme ukikatika.

Mambo matatu yasiyonunuliwa dukani

Kwa mtazamo wetu, shule inayotaka maktaba ya kidijitali ianze na mambo matatu kabla ya kuandika barua ya kuomba vifaa.

La kwanza ni vitabu vya kiwango cha msomaji. Mtoto wa darasa la nne anayesoma kama wa darasa la pili apewe hadithi za darasa la pili, bila kuaibishwa. Kipimo chake ni rahisi: asome ukurasa mmoja, kisha asimulie. Akikwama kila mstari, kitabu ni kizito. Akisoma bila kukwama na kusimulia vyema, apandishwe ngazi.

La pili ni saa. Maktaba isiyo na kipindi kwenye ratiba haisomwi. Tufanye hesabu ya ile shule ya kabati. Vishikwambi 12, watoto wawili kwa kila kimoja, ni watoto 24 kwa mara moja. Vipindi vitatu vya nusu saa kwa wiki vinatosha kila mtoto wa darasa la watoto 60 kuketi na hadithi mara moja. Katika mwaka wa masomo wenye wiki zisizopungua 35, hizo ni hadithi 35 kwa kila mtoto. Wako wangapi miongoni mwetu waliomaliza shule ya msingi wakiwa wamesoma hadithi 35?

La tatu ni mlezi mwenye daftari. Awe mwalimu mmoja mwenye kupenda vitabu, asaidiwe na wanafunzi wawili wakubwa. Daftari lake liwe na safu nne: jina la mtoto, hadithi aliyosoma, tarehe, na neno moja la namna alivyosimulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali si kishikwambi, ni usomaji wa mtoto. Daftari hilo ndilo litakalomjibu yule mwalimu aliyesema kwamba visiposomwa hakuna anayeuliza. Mkuu wa shule aulize. Kamati ya shule iulize. Mzazi aulize.

Wapo watakaosema shule yao haina kifaa hata kimoja. Tunawakumbusha kwamba baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi ile viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Kishikwambi kimoja cha mwalimu hakitoshi kusomwa na darasa zima, ni kweli. Lakini kinatosha kuwa chanzo: mwalimu akapata hadithi mpya kila wiki, akaisoma kwa sauti mbele ya darasa huku akiuliza maswali, akainakili ubaoni au kuichapa, na watoto wakaisoma kwa zamu. Maktaba imeanza hapo.

Waqfu wa vitabu si jambo geni

Limebaki swali la chaja zilizoharibika. Nani atalipa? Swali hili ndilo lililofunga kabati, na kwalo miradi mingi hufa ikiwa bado mipya. Mfadhili hutoa kifaa mara moja. Betri huisha kila siku.

Jamii yetu ina jibu lake la kale, nalo ni waqfu: mali huzuiwa asili yake isiuzwe, manufaa yake yakaendelea kutumika katika kheri iliyokusudiwa. Wazee wa pwani waliweka waqfu misikiti na visima, na waliweka waqfu vitabu pia. Katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa kwa juhudi za Habib Swaleh, kumehifadhiwa miswada ya kale, na miongoni mwake imo iliyoandikwa ndani yake kwamba ni waqfu kwa ajili ya wanafunzi. Aliyeandika hivyo alijua kwamba kitabu hakitoshi kutolewa, lazima kiwekewe sharti la kudumu.

Miswada hiyo yenyewe imepigwa picha za kidijitali, kupitia mpango wa British Library ya London wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini. Ni kazi njema, na katika habari hiyo kuna funzo la pili. Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na huduma zake nyingi za kidijitali zikakatika kwa miezi mingi. Ikiwa taasisi kubwa kama ile yaweza kufungiwa mlango kwa siku moja, basi shule yetu isitegemee vitabu vilivyoko mbali peke yake. Nakala ya kila kitu iwe shuleni, na nyingine iwe kwa mtu mwaminifu.

Tunapendekeza, basi, kwamba anayetaka kuipa shule au madrasa vishikwambi aambatanishe na chanzo cha kuvitunza. Chumba kimoja cha duka kilichowekwa waqfu, kodi yake ikaenda kwenye chaja, betri na posho ndogo ya mlezi, ni bora kuliko vishikwambi 20 vya ziada visivyo na mwenyewe. Na misikiti yenye umeme wa sola kwa ajili ya vipaza sauti inaweza kuwachajia majirani zao wa shule, bila kujali mtoto anayesoma ni wa dini gani. Elimu ya kusoma ni haki ya watoto wote wa kijiji.

Nyumbani, baina ya magharibi na isha

Hatuwezi kuwatwisha walimu mzigo wote. Simu iliyo mfukoni mwa baba au kwenye pochi ya mama nayo inaweza kuwa maktaba. Wengi wetu tunaitumia kupokea video ambazo hatukuziomba. Hadithi moja ya watoto hupakuliwa kwa bando dogo kuliko la video fupi, na ikishapakuliwa husomwa mara mia bila gharama.

Robo saa baina ya magharibi na isha, baada ya mtoto kudurusu alichorudi nacho chuoni, inatosha. Amsomee mama yake, au bibi yake asiyejua kusoma, ambaye kwa kweli ndiye msikilizaji bora, kwa kuwa huuliza: "Halafu ikawaje?" Hilo ni swali la ufahamu ambalo hakuna programu iliyowahi kulipita. Mzazi asiyejua kusoma asijione hana la kuchangia. Aulize nani, wapi, kwa nini, na mwisho amwambie mtoto asimulie bila kutazama. Simu ikae mkononi mwa mzazi wakati mtoto anasoma, na robo saa ikiisha, izimwe.

Tulirudi katika shule ile majuma kadhaa baadaye. Tungependa kuwaandikia kwamba kabati lilikuwa wazi. Halikuwa wazi, lilikuwa limefunguliwa nusu. Mwalimu yule alikuwa ametoa vishikwambi vinne ambavyo chaja zake ni nzima, akaomba kipindi cha Ijumaa asubuhi kabla watoto hawajaruhusiwa, na akachora safu nne kwenye daftari kuukuu la mahudhurio. Binti wa darasa la nne alikuwemo katika kundi la kwanza. Alipewa hadithi ya darasa la pili, kurasa kumi, kuhusu mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Alipomaliza, mwalimu hakumpigia makofi. Alimuuliza: "Kwa nini mbuzi alikataa?"

Binti alifikiri kidogo, akajibu: "Alikuwa anaogopa, kwa sababu mama yake hakuwepo."

Katika safu ya nne ya daftari, mbele ya jina lake, mwalimu akaandika neno moja: ameelewa. Bado kuna vishikwambi vinane ndani ya kabati lile, na chaja tatu za kununua. Nasi tumekwisha kuuliza.